Ripoti Yangu ya Mitole

Mwalimu Nassoro,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini nikianza bila kukusalimu ungenitoa nje niingie upya.

Tangu tulipokuzika Kilwa, kozi yako ya utafiti nimekabidhiwa mimi, na mwezi uliopita nusura ifutwe. Wakaguzi wa chuo walitaka maandishi: umakini wa kitaaluma katika kozi hii ni nini, na ushahidi uko wapi? Wewe hukuacha hata mstari, Mwalimu. Nilikukasirikia, Mungu anisamehe. Nikawajibu kwamba kozi ni ngumu, kila mwaka wengi wanapata sapu, wanarudia mtihani. Wakanirudishia karatasi: kufelisha watu si umakini. Nikapewa wiki moja.

Nilipekua kabati lako lote. Ushahidi pekee niliouona nilitamani kuuchoma: ripoti yangu ya mwaka wa pili. Unaikumbuka? Wakulima wa korosho wa kijiji cha Mitole, kaya arobaini, na wote wamejibu ndiyo kwa kila swali. Nilivyojisifu! Ukaandika pembeni kwa penseli: "Somoe, hao wamekustahi tu. Mgeni aliyesimama na karatasi habishiwi. Rudi ukaokote nao korosho."

Nilirudi nikinung'unika. Siku ya tatu, tumeinama tunaokota, mama mmoja akacheka: "Mwanangu, ile dawa ya kupulizia uliyoniuliza hata siijui. Nilikuona umetembea juani, nikakuitikia." Nikaandika upya yote.

Basi nimewawekea wakaguzi ripoti zote mbili, ile ya aibu na ile ya pili, pamoja na maneno yako ya penseli. Juu yake nikaandika maana niliyoulizwa: umakini ni kumrudia mtu mpaka akuamini kiasi cha kukukatalia. Mmoja wao aliisoma ile ya kwanza kwa sauti, walimu wenzangu kikaoni wakacheka mpaka basi. Nami nikacheka, huku machozi yananitoka. Nimekukumbuka sana siku ile.

Kozi imebaki.

Pumzika, Mwalimu. Allah akupe kauli thabiti. Ulichonifanyia, nami nitawafanyia wengine, hata kikiniuma. Leo binti mmoja ninayempenda kaniletea ripoti safi, ndiyo tupu ukurasa kwa ukurasa. Anatarajia kuhitimu mwezi ujao, na kwao wameshaalika watu.

Nimeshachonga penseli.

Mwanafunzi wako,
Somoe