Nilimfuata Mume Wangu Nikidhani Ana Mwanamke, Nikamkuta Baa

Mshauri mpendwa, Mama Libérate, nakuandikia nikiwa na aibu na furaha pamoja wala sijui nianze na ipi, naomba unisaidie, na tafadhali majina yetu uyabadilishe maana kanisani tunajulikana.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu, vita vilitutoa huko, mama wa watoto watatu, tunakaa flati huku Greyville, Durban, mchana ninasuka nywele saluni ya Dada Marie-Louise karibu na soko la Warwick, na bwana yangu, Papa Israël, analinda magari ya watu mjini, ile kazi ya kuvaa kizibao na kusimama barabarani kutwa, halafu Jumapili ndiye anaongoza kwaya, na kanisa letu, mshauri, pombe hata ya kuonja ni marufuku, mtu anatolewa kwenye huduma mbele ya wote.

Tangu baridi ianze, kila Ijumaa akawa anachelewa, anarudi anatafuna peremende, anakwenda kuoga kabla ya kunisalimia, na bafuni anaimba, nikimuuliza anasema kazi imeongezeka, sasa mwanamume aliyesimama kutwa akirudi anaimba wewe ungefikiri nini, mimi nilifikiri mwanamke. Nikamwambia Dada Marie-Louise, nilimwambia yeye peke yake lakini saluni ilikuwa imejaa, na kabla ya wiki kuisha mama wote wa maombi wanajua, wengine wananishika bega kama nimefiwa, na Pasta Urbain akaniita, akasema Jumapili ya mwisho wa mwezi wazee watakaa Papa Israël ajieleze, na mimi nikafunga mizigo yangu na ya watoto niende kwa dada yangu Johannesburg.

Ijumaa iliyopita nikaomba ruhusa saluni, nikaenda kusimama ng'ambo ya robot, hizi taa za barabarani, ninamwangalia. Akavua kizibao, akakikunja, akanawa uso kwa maji ya chupa, nikasema moyoni, eish, anajitengeneza, ndiyo hii, akaingia jengo moja la zamani la matofali lenye vioo vya ukungu ambavyo huwezi kuona ndani, na mimi nikavuka robot ikiwa nyekundu, magari yananipigia honi, nikasukuma mlango. Ndani ni mbao nyeusi kila mahali na zulia lililochakaa, wazee wa Kizungu wamekaa, na Wahindi wawili watatu, mwenye baa anavuta mpini mrefu kama anapampu maji ya kisima, bia inatoka ya rangi ya chai isiyo na maziwa wala haina baridi, na kule kwenye kona ni Papa Israël, na mwanamke amemwinamia.

Nikapiga kelele kwa Kiswahili, "Ndiye huyu?"

Baa yote kimya. Mwanamke akageuka, mshauri, ni bibi kizee wa Kizungu, nywele nyeupe kabisa, mke wa mwenye baa, ameshika sahani ya sambusa na soseji na mayai yaliyolowekwa kwenye siki anamwekea bwana yangu mezani.

"Mama Israël," bwana yangu akasema, "kaa."

"Sikai! Mwanamke yuko wapi?"

"Mwanamke gani?"

Akaniangalia mpaka akaelewa, akaanza kucheka na huku machozi yanamlenga. Akaniambia, "Mama Israël, siku nzima ninasimama. Watu wananipita kama mimi nguzo ya taa. Siku moja nilikuwa ninanyeshewa, huyu mzee mwenye baa akatoka, akaniuliza jina, akaniingiza ndani. Walinyamaza wote, kama walivyonyamaza sasa, maana zamani mtu mweusi hakukaa humu. Yeye akanivutia kiti. Tangu siku ile ninakuja, ninakunywa glasi moja, ninakula kidogo, ninarudi nyumbani nikiwa mtu. Mwanamke hakuna."

Yule bibi akaniletea kiti, nikakaa, akanisogezea sambusa, nikala nikilia, ilikuwa na pilipili nzuri, yai la siki nilikataa, na Papa Israël akasogeza glasi yake kwangu, nikaonja, chungu kidogo, inanukia mkate uliobabuka, na nikaonja tena, nakuambia ukweli. Tukarudi Greyville kwa miguu, amenishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu Bukavu, na nilipofika nyumbani nikafungua mizigo yote nikapanga nguo kabatini ninaimba.

Sasa shida ndiyo hii. Yeye anasema niwaambie wazee kwamba nilikosea, basi, ya baa yabaki kwetu, lakini watauliza Ijumaa anakuwa wapi, na nikisema kweli watamtoa kwenye kwaya, nikinyamaza jina la uzinzi litamganda na mimi ndiye niliyempaka. Na lingine, mshauri, je, ni dhambi kufurahi namna hii kwamba bwana wako anakunywa bia tu?

Ni mimi, Mama Israël, Greyville.

MAMA LIBÉRATE ANAJIBU

Mama Israël, pumua kwanza. Mume unaye, watoto wako nyumbani, nguo ziko kabatini. Furahi, si dhambi. Wanawake wengi wameniandikia waliosukuma mlango kama ule na hawakukuta sahani ya sambusa.

Umeshafurahi? Haya, sasa nikugombeze.

Ulikaa na mwanamume huyu tangu Bukavu, mmekimbia vita pamoja, na ulipopata wasiwasi ukaenda kusema saluni kabla ya kumuuliza yeye sawasawa. "Kazi imeongezeka" ni jibu la mlangoni. Ungemkalisha, ungemwambia, "Ninaogopa una mtu." Ungejua siku ileile. Na wewe Papa Israël, najua atakusomea barua hii: peremende zako hizo nusura zikuvunjie nyumba. Mke hahitaji kufichwa glasi moja.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Lakini Durban yetu ni ndogo, na mama wa maombi wanajua kusoma. Gazeti hili likitoka, mpaka Jumamosi watakuwa wameshajua ni nani. Kwa hiyo usikae kungojea kikao.

Jumamosi asubuhi nenda saluni, wakati viti vyote vimejaa. Usimnong'oneze Dada Marie-Louise pembeni. Simama katikati useme kwa sauti ileile uliyosemea mara ya kwanza: "Bwana yangu hana mwanamke. Nilimsingizia." Watakuuliza maswali kumi. Usijibu hata moja. Shika kitana, endelea na kazi.

Kisha mchana mwende wote wawili kwa Pasta Urbain. Ya uzinzi utasema wewe, maana ni wewe uliyeyaanzisha. Ya baa atasema yeye kwa mdomo wake. Usimsemee, wala usimfiche. Akitolewa kwenye kwaya kwa muda, atakaa kwenye benchi kama wengine na ataimba kutoka pale, hajafa mtu. Lakini akibaki mbele anaongoza nyimbo huku watu wanamhesabu mzinzi, hilo litamla yeye na watoto wenu. Na pasta akikuuliza kama na wewe ulionja, sema ulionja. Mara mbili.

Kuhusu Ijumaa zake, hilo ni lenu na imani yenu, mimi siwezi kuwaamulia. Ila nakuonya: usimwambie aache kabla hujafikiria utampa nini mahali pake. Mtu anayesimama barabarani kutwa anahitaji mahali pa kuulizwa habari zake, na kama hutaki aulizwe baani, basi umuulize wewe, akiingia tu, kabla hujamwambia ya unga na sabuni.

Jumapili vaa kitenge chako kizuri, mkae mstari mmoja kanisani, wewe na yeye. Mtu akigeuka kuwatazama, msalimie kwa jina.