Tarumbeta la Pasaka na Midomo ya Yotamu

Makwale, Machi 1911

Mshauri mpendwa, ugonile, hujambo? Naomba msaada, na usinicheke, ingawa mke wangu Tusekile anasema asiyenicheka siku hizi labda ni kipofu. Mimi ndiye mpiga tarumbeta wa kanisa letu, ninayewaamsha watu alfajiri ya Pasaka twende makaburini kuimba, na kwa kazi hiyo najivuna kama jogoo, ila tangu mwaka juzi midomo yangu inavimba, inapasuka, inatoka magamba, ikipona inarudi, nikaenda kwa bibi mganga wa misheni, Mzungu ambaye Kiswahili bado kinampiga chenga, akanipa kikopo cha marhamu akasema, “Weka mdomoni asubuhi na jioni,” nami mtu mtiifu nikaweka mdomoni, nikameza, tena kwa ndizi mbivu ili ishuke vizuri, kikopo kikaisha, tumbo likaniendesha, midomo ikabaki vilevile, na kila ikikauka nailamba, na nikienda kwa wakwe ile pombe ya moto ya mrija inaiunguza, na nikipuliza tarumbeta linalia kama mbuzi aliyekwama kwenye ua. Sasa wazee wanataka kumpa Lazaro tarumbeta. Lazaro, mshauri, aliyejifunza juzi! Je, nirudi kwa bibi nikaaibike, au nipulize hivyohivyo? Bila tarumbeta mimi ni nani? Ndaga fijo, asante sana.

Yotamu

Ndugu Yotamu,

Pole. Nimecheka, nikakuhurumia, kisha nikacheka tena. Marhamu ni ya kupaka, ndugu yangu! Bibi alikosea neno, lakini wewe mwenye lugha ulishindwa kuuliza? Ugonjwa uko nje, dawa umeipeleka tumboni.

Rudi kwake kesho umweleze yote, na ndizi uitaje. Akicheka, acheke, midomo yake ni mizima. Osha yako kwa maji ya uvuguvugu, ikaushe, paka marhamu kidogo, na ukipata nafuu usiache mpaka bibi aseme basi. Kulamba ukome. Waulize akina mama wafinyanzi wa ziwani kama huwa wanalowesha mdomo wa chungu kilichokwisha kauka; watakuambia hupasuka. Hiyo pombe, ambayo kanisa limeikataza, nimejifanya sikuisoma, ila midomo yako imeisoma.

Na tarumbeta mpe Lazaro kwa mkono wako mwenyewe, tena umfundishe. Najua hilo linauma kuliko midomo. Akikosea, waliolala makaburini hawatalalamika. Wewe simama na wenzako uimbe polepole. Kaburi la Bwana wetu lilifunguka, Yotamu, na hukuwapo kupiga tarumbeta.