Mama Yuko Mlangoni, na Filamu Nyingine Msizozijua

Jumamosi, Julai. Baridi ya kuvaa sweta mbili.

Ukungu ulikaa juu ya Mlima Kwaraa mpaka saa nne asubuhi. Mteja wangu wa kwanza dukani alikuwa mzee wa Kimasai aliyetaka dawa ya minyoo ya mbuzi. Alipoipata hakuondoka, alibaki amesimama mlangoni na shuka lake, anasubiri jua. Nikasubiri naye. Saa saba nilifunga duka nikaenda Sigino kwa Baba, na nimerudi kutoka huko na jambo ambalo bado sijui niliweke wapi, ndiyo maana naandika.

Lakini kwanza ahadi. Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba napenda filamu za kutisha, hasa zile ambazo hakuna mtu anayezijua, na baadhi yenu mkaniomba orodha. Ninyi mnaosoma hapa ni wachache kiasi kwamba karibu wote nawajua kwa sauti, kwa hiyo siwezi kujifanya sikusikia. Shida ni moja tu. Filamu zangu hazina majina. Au yapo, ila yameandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu mtaani kwetu Maisaka aliyeweza kuzisoma, na majina ninayoyajua mimi aliyatunga Baba.

Baba alikuwa na banda la video. Mabati, mabenchi sita, TV ya chogo, deki, na jenereta la siku umeme ukikatika. Filamu alizifuata Arusha, na kwa kuwa alichelewa kufika alichukua zile ambazo wenye mabanda wenzake walizikataa kwa sababu hazina ngumi. Ndivyo tulivyoishia na mizimu ya huko Asia ya mbali. Baba alisimama kando ya TV na fimbo yake ya kuchungia, anatafsiri.

Nasema anatafsiri kwa heshima tu. Baba anajua Kiiraqw, Kiswahili, na Kigorowa cha kuombea maji. Alitazama nyuso za wale watu, akatazama midomo, halafu akaamua wanasema nini.

Basi orodha ndiyo hii.

*Mpangaji Asiyelala.* Mwenye nyumba anaona taa inawaka siku zote kwenye chumba cha mpangaji wake. Siku anaingia, hakuna mpangaji, hakuna balbu, hata waya wa umeme haujavutwa. Anatoka nje, anageuka, taa inawaka. Basi, filamu nzima ni hiyo, bila tone la damu, na mimi niliogopa kwenda chooni peke yangu mwezi mzima. Baba alimfanya mwenye nyumba kuwa mtu wa Dareda, na kila aliposhtuka alimpa neno moja la Kiiraqw ambalo hapa siliandiki, maana mama mkwe wangu naye husoma.

*Kuku wa Bibi Harusi.* Bibi harusi anafika ukweni na kuku mweupe. Kuku anachinjwa, analiwa, kesho yake yuko uani anadonoa. Kila anapoliwa, mkwe mmoja anaanza kulala juu ya paa. Kina mama walicheka mle bandani mpaka wakafuta machozi kwa kanga, halafu sokoni wakaanza kukwepa kuku weupe. Mimi ni mtu mzima, nauza dawa za mifugo, nimesomea, na mpaka leo kuku mweupe sinunui.

Na ya tatu, *Mama Yuko Mlangoni*.

Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Na ndiyo iliyoniweka mbali na baba yangu kwa miaka ishirini na nne.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi, wakati wa masika. Alianza na homa ya kawaida, ikachukua wiki moja. Tulimzika kule Sigino kwenye shamba la familia. Mdogo wangu Yuliana alikuwa bado anabebwa, hakumbuki kitu. Mimi nakumbuka kila kitu, na ninachokikumbuka zaidi ni siku ya nne baada ya mazishi. Viti vya msiba vilikuwa bado havijarudishwa kanisani. Baba aliamka, akanyoa ndevu, akaenda kufungua banda. Kwenye ubao aliandika kwa chaki: Leo, Mama Yuko Mlangoni.

Kina mama wa jumuiya walikuja kumsema. Mmoja wao, aliyekuwa rafiki wa Mama, alimwambia mbele yangu mimi, Tere mwenyewe, "Baba Tere, hata chozi? Hata wiki moja?" Baba akaenda kuwasha jenereta. Sikumwona akilia siku ile, wala kaburini, wala baadaye. Tangu hapo hakumtaja Mama kwa namna yoyote isipokuwa "marehemu", utadhani anamzungumzia mtu wa kitongoji kingine.

Nilimchukia. Lakini mchana nilikwenda bandani nikakaa benchi la mbele.

Filamu inaanza na mazishi kwenye mvua. Watoto wawili wanarudi nyumbani na baba yao, na jioni mlango unagongwa. Ni mama yao, nguo zimelowa, nywele zimemganda usoni, hasemi, anagonga tu. Baba wa kwenye filamu anaweka mbao, anaweka chumvi, anawaziba watoto masikio. Banda zima lilikuwa likipiga kelele, "Msifungue! Msifungue!" Mimi peke yangu nilikuwa nanong'ona wafungue. Mwishowe yule mtoto mkubwa anaondoa komeo, mlango unaanza kufunguka, na hapo hapo Baba anazima TV. "Ameingia!" anatangaza. "Tulieni nibadilishe CD."

CD ya pili, jua linawaka. Mama yuko jikoni. Mkavu, mzima, kajifunga kitambaa kichwani. Anawagombeza watoto kwa sababu ya viatu vyenye matope, anaanika nguo, anapika, anapakua. Ni nusu saa nzima ya mama akifanya kazi za nyumbani na hakuna kinachotokea. Kina kaka wa nyuma walikuwa wakipiga miluzi. Na Baba, ambaye hakuwahi kunyamaza kwenye filamu yoyote, sehemu hiyo hakutafsiri neno. Aliweka fimbo chini, akatupa mgongo, akawa anaitazama TV kwa karibu kama mtu anayetafuta kosa. Mama anapoweka sahani ya mwisho mezani, Baba anabonyeza kitufe. "Hapa inakwama. Imeisha. Nendeni nyumbani."

Sijui niliiona mara ngapi mwaka ule. Nilikuwa natoka pale nikiamini kwamba ukiwa na moyo wa kufungua mlango, mama anaingia na maisha yanaendelea. Nimeitafuta filamu hiyo ukubwani kila mahali. Nimewahadithia watu, wote wanasema haipo, filamu ya kutisha haiwezi kuisha kwa chakula cha mchana.

Sasa ya leo.

Baba alianguka uani mwezi wa tano. Hakuvunjika, ila miguu haina nguvu tena, na yuko peke yake. Yuliana yuko Singida kwenye chumba kimoja na watoto watatu, kwa hiyo ni mimi. Mume wangu aliondoa magunia kwenye chumba cha nyuma wiki ile ile. Chumba kiko tupu tangu mwezi wa tano, nimekipiga hadi deki. Na kila Yuliana anapopiga simu kuuliza, namwambia bado kimejaa mahindi.

Asubuhi alipiga tena. "Dada, hayo mahindi hayaishi?" Nikacheka, nikabadilisha mada.

Ukweli wangu, na sijawahi kuuandika popote, ni kwamba sikumtaka. Sikutaka kukaa meza moja kila siku na mtu aliyemzika mama yangu akaenda kuwasha jenereta. Leo nilikwenda Sigino kumwambia asinitegemee. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, tena mazuri, kwamba tumpe kijana wa kumsaidia kazi, kwamba yeye amezoea hewa ya shamba.

Nimemkuta amefungasha.

Begi moja karibu na mlango, redio juu yake, na boksi la sabuni lililojaa CD. "Hizo sijui utazichoma au vipi," alisema, kisha akajikokota na fimbo kwenda jikoni kuchemsha chai. Sikuweza kusema niliyoyapanga. Nikaanza kupekua lile boksi ili mikono iwe na kazi.

Nikaikuta. CD mbili ndani ya mfuko mmoja wa nailoni. Kila moja imebandikwa plasta nyeupe ya vidonda, na juu ya plasta kuna mwandiko wa Baba kwa kalamu ya wino: moja, mbili. Plasta zimezeeka, zinabanduka zenyewe. Ya kwanza ikabaki kidoleni mwangu, na chini yake, kwenye CD, imechapwa namba kubwa ya rangi nyekundu.

Mbili.

Nikabandua nyingine. Chini yake, moja.

Nilicheka kwanza. Nikasema huyu mzee alitupa filamu kichwa chini miguu juu, Babati nzima, na hakuna aliyegundua. Deki yake bado inafanya kazi ukiigonga ubavuni. Nikaweka ile ya jikoni, nikasogeza mpaka sahani ya mwisho, pale inapokwama.

Haikukwama. Mama anafuta mikono, anachukua kikapu, anawaambia watoto kitu, anatoka. Mto umefurika. Anapita juu ya ubao wa kuvukia, anageuka kuwapungia, na CD inaisha hapo. Inayofuata ni mazishi.

Nikaweka ile nyingine, nikaenda mwisho kabisa. Mtoto anaondoa komeo, mlango unafunguka. Hakuna mtu. Mvua inaingia ndani. Kamera inageuka, na chumba nacho ni kitupu, watoto hawapo. Halafu yanapita majina ya waigizaji.

Kwa hiyo watu walikuwa sahihi. Inaisha vibaya kama filamu nyingine zote.

Baba alirudi na birika, akaona kilichopo kwenye TV. Akalishusha birika taratibu sana.

"Baba, hii ulisema inakwama."

"Inakwama."

"Haikwami. Nimeiangalia mpaka mwisho."

Alikaa. Nilidhani hatajibu, maana Baba ana kipaji cha kutojibu. Alinimiminia chai, akajimiminia na yeye, akaisahau.

"Ulikuwa unakaa benchi la mbele," alisema. "Peke yako. Ningekuonyeshaje ile?"

Nikamwuliza lile ambalo nimelibeba tangu nina miaka kumi. Kwa nini basi aliionyesha kabisa? Kwa nini siku ya nne?

"Nilikuwa naitaka ile ya jikoni," alisema. "Mama yenu alikuwa anapakua vile vile. Anaegemea mguu mmoja. Nilikuwa sina picha yake akitembea." Akalisogeza birika. "Nyumbani mlikuwepo ninyi na wageni. Bandani nikiwapa watu mgongo, hakuna anayeniona."

Mama yenu. Hakusema marehemu.

Nililia mimi, kwa sauti, kama mtoto, na chai ikapoa. Yeye alinitazama kwa wasiwasi, halafu akasema nikiwa nimemaliza kulia nimsaidie kufunga boksi na kamba. Ndivyo alivyo. Nadhani hatabadilika, na nadhani tutagombana kabla wiki haijaisha, kuhusu redio.

Nikamwambia chumba kiko tayari. Sikumwambia kiko tayari tangu lini. Hilo ni langu, na leo nimelisema hapa ili lisinizeekee ndani. Kesho baada ya misa tunakwenda na kigari cha mizigo, Kirikuu, kumchukua. Yuliana nimempigia, nimemwambia mahindi yamekwisha. Godoro nimelianika, jua la jioni limelikuta kidogo.

Plasta nimezirudisha kila moja mahali pake, na zilipokataa kushika nimeweka mpya zilizokuwa mkobani mwangu na kumpa Baba kalamu aandike upya. Hakuuliza aandike nini.

Kwa hiyo mlioniomba jina la filamu, sina. Mkiikuta mahali popote mtaitambua kwa mama aliyeegemea mguu mmoja akipakua. Anzeni na CD ya pili, mmalizie na ya kwanza. Na anapoweka sahani ya mwisho mezani, zimeni.