Nimeacha Kurusha, Mama

Saint-Gilles,
Brussels, Ubelgiji

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa? Kaka Yona aliniambia siku hizi ukienda kanisani unapumzika njiani mara mbili. Mimi ni mzima, isipokuwa bega. Huku manyunyu hayakatiki tangu asubuhi, na nimeshinda nikilitamani jua la Dodoma na mlenda wako.

Mama, nimeacha kurusha mpira. Daktari wa mtaa wa Jette, hapa mjini, alilitazama bega akasema nikiendelea, hata kikombe sitakiinua. Basi Jumapili klabu ninayoichezea na kuifundisha ikaniaga.

Wewe hujawahi kuniona nikicheza, ngoja nikusimulie. Mtangazaji alianzia mbali: mtoto wa seremala aliyefundishwa besiboli na mwalimu Mjapani shuleni, gongo lake la kwanza akachongewa na baba yake, miaka kumi na miwili mrushaji wa kulipwa kule Japani, uwanja mzima ukiimba jina lake, kisha akaja kumalizia mchezo hapa, ambako watazamaji ni wazazi wenye miamvuli. Wote wakasimama, wakapiga makofi. Nikapewa kipaza sauti. Nilipofika kwenye "namshukuru baba," nikalia. Wakadhani ni furaha.

Jirani yangu Maman Odile, mjane wa kutoka Lubumbashi aliyekuja kutazama, hakudanganyika. Alinichukua hadi kwake, akanipa bukari, ndio ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, akaningoja nishibe.

"Bon, mutoto yangu, ulilia nini pale?"

Nikamweleza. Akauliza, "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Alors, umuandikie. Ile ni kitu ya mama yako, umurudishie."

Mama, baba alipofariki niliwaambia simu yangu ilikuwa mbovu, kwamba nilipata habari mmeshazika. Nilidanganya. Ujumbe wa Kaka Yona niliusoma asubuhi ile ile, katika chumba cha kuvalia, siku ya mchezo wa kuamua ubingwa. Kocha aliniona nimeduwaa. "Una nini?" Nikajibu, "Sina kitu." Nilijua nikisema atanipandisha ndege jioni hiyo, na ninyi mlikuwa mnanisubiri ili mzike. Miaka yote niliingoja siku ile, mama. Nikaingia uwanjani, nikarusha kuliko nilivyowahi kurusha, tukashinda. Ile picha uliyoitundika sebuleni, nimebebwa mabegani nikilia, ni ya siku hiyo. Ukitaka kuishusha, ishushe.

Tangu hapo kila nikishangiliwa namwona Yona akibeba jeneza kwa mbele, na nafasi yangu imeshikwa na jirani. Sikuombi uniambie si kitu. Naomba tu uisome barua hii hadi mwisho.

Nisalimie Kaka Yona, umwambie nitamkabili mwenyewe. Msalimu shangazi wa kwaya, na mjomba aliyenisindikiza uwanja wa ndege siku ile ya kwanza, akiwa amevaa koti aliloazima kwa baba.

Nimekata tiketi, nakuja kabla ya Pasaka, na safari hii sina haraka ya kurudi. Usiwaite watu. Goti likikuruhusu, unipeleke makaburini wewe mwenyewe. Nilipokuja baada ya msiba kwa siku nne nilisingizia homa nisiende, kwa hiyo hadi leo, mama, sijui baba amelala wapi.

Mwanao anayekukumbuka,
Elia