Mama Dirisha, Nguo Zetu Bado Zipo Kabatini

Mwaka umetimia, Mama, tangu cherehani yako inyamaze. Tukipita chumba cha mbele alasiri, pazia likiinuliwa na upepo, bado tunakuona umeinamia kitambaa, pini tatu mdomoni, ukicheka bila kufungua kinywa.

Unakumbuka kisa cha nguo? Ulikuwa na miaka arobaini na tisa. Joto likakupanda kutoka kifuani hadi utosini, moyo ukakimbia, hedhi ikapotea miezi mitatu, ukaamini safari ya mwisho imewadia. Hukumwambia mtu. Ulimwita tu mdogo wako ukamgawia nguo zako zote nzuri. Kumbe jibu alikuwa nalo muuguzi wa zahanati: huumwi, mama, hedhi inaelekea kukoma. Ukarudi mbio kudai nguo zako. Mama Mdogo akarudisha zote isipokuwa gauni la buluu. Alidai limeshamzoea.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wewe pia ulicheka, halafu ukakasirika kwamba hakuna aliyekwambia mapema. Basi kila Jumamosi ukawakusanya wanawake kati ya vitambaa na nyuzi, muuguzi pembeni yako, mkayasema yote: joto, usingizi unaopaa, hasira zisizo na sababu, na damu inayorudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, ambayo si ya kunyamazia bali ya kuipeleka hospitali. Mtu akianza kujipepea, ulifungua dirisha bila kuuliza. Wakakuita Mama Dirisha. Hata Baba ulimketisha, akajikuna kichwa, akasikiliza hadi mwisho.

Mimi, kifungua mimba wako, sikuwahi kuingia. Niliona haya, nikasema hayo ni ya wazee. Ulipoondoka, muuguzi aliniuliza kama darasa ndilo limekufa nawe. Nilijitia kukunja vitambaa, na bado inaniuma.

Mwezi uliopita, nikimpima mteja kiuno katika chumba changu cha kushonea, jirani na chako, joto likanipanda. Nilijua ni nini, Mama. Miaka kumi na sita sauti yako ilikuwa ikipenya ukutani. Sikugawa nguo. Nilifungua dirisha.

Jumamosi ile nikapanga viti. Mama Mdogo alifika wa kwanza, gauni la buluu limekunjwa mkononi.

"Chukua," akasema. "Nilikuwa namshikia mama yako tu."

Unakumbukwa na mumeo, anayeitia cherehani mafuta kila wiki, mdogo wako, sisi wanao watatu, wajukuu zako, muuguzi, na wanawake wa Jumamosi. Dirisha liko wazi, Mama. Kukusahau hatuwezi.