Nimewaambia Nimejamba

Luzviminda, shoga yangu, sina pa kuuweka uso.

Tangu nipasuliwe kidole tumbo juzi, nimekatazwa kula mpaka nijambe, eti ndiyo dalili utumbo umeanza kazi. Kila saa nesi ananiuliza kwa sauti, "Dada, umeshajamba?" Wodi nzima inasikiliza!

Leo mama mkwe katoka kisiwani Guimaras na uji wa mchele na kuku. Nilikuwa na njaa! Nesi alipouliza nikajibu, "Ndiyo, mara mbili."

MARA MBILI, shoga!

Nikamaliza bakuli. Tumbo likavimba, nikamtapikia mama mkwe mapajani na kwenye shuka. Wamenitia mpira puani wa kunyonya vya tumboni.

Daktari akauliza, "Kweli ulijamba?" Nikatikisa kichwa kukataa, machozi yananitoka.

Mama mkwe akasema, "Usimgombeze, dokta. Uji niliuleta mimi."

Sasa yuko bombani, ananifulia shuka.