Kigoda Chako Kimerudi Mahakamani

Mpendwa Baba,

Kigoda chako kimerudi mahakamani, na safari hii ni kwa mkono wangu. Naomba usinikasirikie kabla sijamaliza.

Unakumbuka ulivyonikataza kukikalia? "Hii ekicholong ni ya mwanaume, Akiru. Wewe kalia mchanga." Kisha unakiweka chini ya shingo na kufumba macho, masikio yakiendelea kuchunga. Hapo ndipo uliponifundisha kumtambua mtu kwa jinsi anavyoita mbuzi wake, kabla hajaonekana. Wakati mwingine nilikosea makusudi ili ucheke.

Kwa kigoda hicho hicho Lomuria alikupasua kichwa pale kisimani nje ya Kakuma, eti mbuzi wako wametangulia kunywa. Aliendelea kukupiga hata ulipokuwa chini. Aliyeona ni mmoja tu, rafiki yako Mzee Ekal. Ndugu zako walitaka damu siku ile ile. Mimi, msomi wenu, nikawazuia. Niliwaambia tuna mahakama.

Miaka sita, Baba. Mara saba nilimchukua Mzee Ekal kutoka Nakalale kwa pikipiki hadi Lodwar, akalala kwangu Kanamkemer, na asubuhi tukaambiwa kesi imeahirishwa. Jaji amehamishwa. Wakili anaumwa. Mkalimani hayupo. Faili haionekani. Kila sababu ukiisikia peke yake, unaielewa. Lakini mara ya tano ilibidi nimshike mzee mkono kuvuka barabara, na mara ya saba nilimlisha ugali mwenyewe. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili.

Siku aliyosikizwa hatimaye, mwendesha mashtaka alimtaka amwonyeshe muuaji. Mzee alinyoosha fimbo, ikamwelekea askari jela. Watu wakacheka. Yeye hakuona haya.

"Mwambieni huyo mtu aite mbuzi yake," alisema. "Nitamjua mara moja."

Wakili wa Lomuria akasimama haraka: mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Jaji akakubali, na kwa sheria hakukosea. Lomuria akanyamaza.

Siku ya hukumu waliisoma kwa Kiingereza muda mfupi tu, wakamwachilia kwa kuwa hakutambuliwa. Nilisaini kitabu, karani akanipa kigoda chako, kikiwa bado na lebo ya kielelezo.

Langoni Lomuria aliwaona jamaa zake ng'ambo ya barabara. Akawaita kwa furaha, kwa ule mlio wa kuitia mbuzi. Mzee Ekal, aliyekuwa ameniegemea, akasimama wima.

"Huyo," akasema taratibu. "Ndiye huyo."

Nilimpiga, Baba. Nilimpiga kwenye mdomo ule ulionyamaza, nikasikia taya ikivunjika, na alipoanguka nikampiga tena, kama alivyokufanya wewe. Nilifurahi. Siwezi kukudanganya. Nakuandikia nikiwa mahabusu, na kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimewakataza ndugu zako.

Hakufa. Kigoda kimefungwa lebo nyingine. Wakili wa serikali anasema kesi yangu haitachelewa: itasikizwa wiki ijayo, mashahidi ni kumi na mmoja, na wote wanaona vizuri.

Mpaka watakapokirudisha, lalia mkono wako, Baba.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.